Mikono Ilisema Kabla ya Miguu

Kwetu Walukuba mgonjwa ni yule anayelia. Ingia zahanati useme mgongo unawaka moto, utapigwa sindano, utapewa vidonge, na jioni jirani atakuletea uji. Sema vidole vimekuwa vizito na sindano haikai mkononi, utaambiwa, "Mzee, huo ni umri," na foleni itaendelea. Ugonjwa ninaouandikia leo umejificha humo miaka mingi. Wengine hauwaumi hata kidogo. Kazi yake ni kugeuza ligamenti za uti wa mgongo, zile nyuzi imara zinazofunga mifupa pamoja, kuwa mfupa, kidogo kidogo, hadi neva zipitazo hapo zikose nafasi.

Niliusoma kwa sababu ya baba mkubwa, kaka yake baba. Ni fundi cherehani, na kwa muda mrefu riziki yake imekuwa magwanda: kupunguza suruali za askari, kushona vyeo mabegani, kubadilisha zipu. Kwa wasioijua Jinja, Uganda, Walukuba ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi uliojengwa enzi za mkoloni, viwanda vilipokuwa vikivuta watu kutoka kila upande. Msoga, Mwacholi, Mjaluo na Mnubi walipanga foleni kwenye bomba moja la maji, na Kiswahili kikawa lugha ya bombani, ya kambini na ya kibandani kwa fundi. Baba mkubwa hajui kugombana na mteja kwa lugha nyingine.

Cha kwanza kuharibika kilikuwa matundu ya vifungo. Tundu lililoshonwa kwa mkono halidanganyi: uzi unatakiwa ushike ukingo kwa umbali uleule, pigo baada ya pigo, na mwisho ufungwe kwa fundo dogo lisiloonekana. Yake yalianza kupishana. Akasema taa ni mbovu, akaletewa taa. Akasema miwani, miwani ikabadilishwa. Halafu akaanza kumwachia matundu yote mwanafunzi wake, binti mmoja mwenye mkono mwepesi, na nyumba nzima ikafurahi kwamba mzee hatimaye amekubali kufundisha watu.

Yakafuata mambo ambayo kila moja peke yake ni la kuchekesha. Kandambili ilimtoka mguuni barabarani akaendelea kutembea, mtoto ndiye aliyemkimbilia nayo. Alipotaka kutoa pesa kwenye simu alikosea namba ya siri hadi laini ikafungwa, si kwamba aliisahau, ila kidole kilikuwa kinatua kwenye tarakimu ya jirani. Chenji ilimponyoka. Kwenye ngazi alishika ukuta. Ukimuuliza kama anaumwa: "Siumwi popote." Na alikuwa anasema kweli.

Daktari wa neva akisikia mambo hayo yametokea kwa mtu mmoja, hapotezi muda na umri wake. Anatazama shingo. Neva za mikono hutoka shingoni, na zile za miguu hupita hapohapo zikishuka, zote zikiwa ndani ya ule mkanda mmoja laini unaotoka kwenye ubongo, ugwe mgongo. Ukibanwa shingoni, mikono hupoteza ustadi na miguu hukakamaa. Shingo yenyewe inaweza isiume kabisa.

Nieleze kinachobana. Nyuma ya miili ya pingili, yaani mifupa inayopangana kuwa uti wa mgongo, ndani kabisa ya mfereji unamopita ugwe mgongo, kuna ligamenti ndefu inayoshuka kutoka shingoni hadi chini ya kiuno. Baba mkubwa nilimweleza kwa lugha ya kazi yake: ni utepe wa kupindia, mwembamba, umelala juu ya maungio yote kuzuia yasifunguke mtu anapoinama. Upande wa pili wa mfereji kuna ligamenti nyingine, ya rangi ya njano kwa sababu imejaa elastini, nyuzi zinazovutika kama mpira, inayounganisha matao ya nyuma ya pingili. Zote mbili zinaweza kuota mfupa. Ile ndefu hupendelea shingo. Ile ya njano hupendelea sehemu ya chini ya kifua, na mgonjwa wake huanza na miguu, mikono ikiwa mizima kabisa.

Watu wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya, hudhani ni chokaa imeganda. Siyo. Ni mfupa kamili, wenye uboho ndani yake. Seli za ligamenti hubadili tabia, gegedu hutangulia, kisha mfupa hufuata nyuma yake, njia ileile ambayo mtoto aliye tumboni hujengewa mapaja na mikono. Mwili umeanza kujenga mahali ambapo hakuna kiwanja. Mfereji wa shingo ya mtu mzima, kutoka mbele kwenda nyuma, una milimita 17 hivi, na ugwe mgongo unahitaji karibu nusu ya nafasi hiyo. Watafiti wa Kagoshima, Japani, waliowafuatilia wagonjwa kwa miongo, waliona kwamba waliobakiwa na nafasi ya chini ya milimita 6 wote walikuwa na dalili za ugwe kubanwa, na waliokuwa na milimita 14 au zaidi hawakuwa nazo. Kati ya hapo na hapo, inategemea shingo inachezacheza kiasi gani. Mwenye nafasi ndogo lakini shingo isiyocheza anaweza kuishi salama kuliko mwenye nafasi kubwa kidogo ambaye shingo yake bado inanyumbuka na kuusugua ugwe kwenye mfupa kila anapoinua macho.

Hao hao wa Kagoshima wana tarakimu inayonipa moyo. Waliogunduliwa wakiwa na mfupa huo lakini hawana dalili yoyote, asilimia 71 walikadiriwa kubaki hivyo hata baada ya miaka 30. Kwa hiyo picha peke yake si hukumu. Mtu akipigwa CT skani kwa sababu ya ajali, akaambiwa ligamenti yake imeota mfupa, asikimbilie kisu. Ajichunge, apimwe mara kwa mara, basi.

Sasa, kwa nini Wajapani ndio wanaotajwa kila mahali? Aliyeuandika mapema ni daktari Mwingereza, Key, mwaka 1838, akiwa Guy's Hospital, London. Kisha kimya kirefu. Mwaka 1960 Tsukimoto, Mjapani, alieleza alichokikuta kwenye maiti ya mgonjwa, na baada yake Wajapani wakaanza kuutafuta. Wakaukuta kwa asilimia 1.9 hadi 4.3 ya watu wazima waliopigwa picha za shingo. Kwa Wazungu ni nadra zaidi. Wanaume hupata takriban mara mbili ya wanawake, na wengi ni wenye miaka zaidi ya 50. Kwa muda vitabu viliuita ugonjwa wa Wajapani. Mimi jina hilo silipendi, na si kwa sababu ya adabu tu. Ugonjwa unaoonekana vizuri kwa CT skani hauwezi kuonekana mahali ambapo CT skani ni ya kuchangishana familia nzima. Daktari wa Jinja aliyesoma kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa mbali, akiletewa fundi cherehani wa Walukuba, atauwaza lini?

Atawaza vingine kwanza, na kusema haki vingine hivyo vipo. Baba mkubwa alipoanza kuyumba alipimwa taifodi, akapimwa bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, kwa sababu Uganda mgongo na uchovu vikikutana lazima bruselosi itajwe. Akashukiwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu ni cha kweli na kinaua miguu ya vijana. Huwezi kumlaumu mtu aliyekianza hicho. Kisha sukari ikapimwa, ikakutwa iko juu. Hapo kila mtu akatulia. Ganzi mikononi, ganzi miguuni, kisukari: kesi imefungwa. Akapewa dawa za sukari na vidonge vya vitamini B, akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Kisukari alikuwa nacho kweli. Tena kisukari aina ya pili na unene ni miongoni mwa mambo yanayoandamana na mfupa huu wa ligamenti; Wajapani waliona uhusiano huo zamani. Ndiyo maana jibu lile lilikuwa na sura nzuri. Lakini ganzi ya kisukari huanza kwenye nyayo na kupanda, na huua mruko wa mguu: gonga chini ya goti au kwenye kano ya kisigino kwa nyundo ya mpira, mguu hautikisiki. Ugwe ukibanwa ni kinyume. Gonga, mguu unaruka kwa nguvu kupita kiasi. Nyundo hiyo ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hospitalini, haitumii umeme, haihitaji filamu, na katika sehemu zote tulizozunguka hakuna aliyeitoa mfukoni.

Aliyeitoa hatimaye ni afisa tabibu kijana, kwenye kituo kidogo cha afya ambako baba mkubwa alikuwa amesindikiza mjukuu mwenye malaria. Kijana alimwona anavyoingia mlangoni, miguu imetanuka na magoti hayakunjiki vizuri, akamwambia, "Mzee, nawe kaa hapo." Alichofanya nilikiona kwa macho yangu, na nakieleza kirefu kwa makusudi.

Kwanza alimwomba anyooshe mikono mbele, vidole vyote vimebanwa pamoja. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilianza kujitenga chenyewe, taratibu, kama sentimita moja, kikabaki huko. Mzee akakirudisha, kikaondoka tena. Pili akamwambia akunje ngumi na kuifungua haraka awezavyo kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufika 20 au zaidi bila shida. Mzee hakufika hata nusu, na kila alipofungua, kiganja kilibaki nyuma huku kifundo cha mkono kikijaribu kusaidia. Tatu, kijana akashika kidole cha kati, akakibonyeza ukucha na kuuachia ghafla. Kidole gumba kikajikunja chenyewe kuelekea ndani. Hiyo huitwa ishara ya Hoffmann. Nne, nyundo. Goti liliruka hadi mzee mwenyewe akacheka. Mwisho akamwambia atembee kisigino kikigusa kidole cha mguu wa pili, akamshika mkono kabla hajaanguka.

Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kujaza daftari la wagonjwa. Kijana akaandika rufaa ya picha ya shingo, si ya kiuno, na akatoa amri mbili: usipande boda, na usimruhusu mtu yeyote akushike shingo.

Amri ya pili ilichelewa. Wiki zilizotangulia mzee alikuwa amepelekwa kwa muyunzi. Nawaheshimu hawa waganga wa mifupa. Mkono uliovunjika shambani umepona mikononi mwao mara nyingi, na siwezi kumcheka mtu anayewaendea huku hospitali iko mbali na pesa haipo. Lakini shingo haina budi kuwa mwiko. Muyunzi alimlaza, akampaka samli, akamgeuza kichwa kwa nguvu upande mmoja hadi kukasikika mlio, akasema mshipa umerudi. Usiku ule mzee aliamka kwenda haja ndogo, miguu ikagoma. Ilirudi baadaye, lakini haikurudi yote. Pale ambapo mfupa umeshajaza nusu ya mfereji, kukunja shingo kwa nguvu ni kuuminya ugwe kwenye kona ya mfupa, na hakuna dawa ya kumwondolea ugwe jeraha hilo.

Hiyo ndiyo sababu ya boda pia. Mwenye mfereji mwembamba hahitaji kuvunjika mfupa ili apooze. Breki ya ghafla, tuta ambalo dereva hakuliona, kuteleza bafuni kichwa kikarudi nyuma: yatosha. Hospitali humpokea mtu aliyeanguka kidogo tu, eksirei haionyeshi mvunjiko wowote, na mikono haifanyi kazi. Mara nyingi nduguze husema amerogwa, maana alianguka kidogo mno. Mjini Jinja kumwambia mtu asipande boda ni kumfungia ndani. Baba mkubwa alisema heri wangemkataza ugali. Alitii baada ya kuonyeshwa picha.

Picha tuliipigia Kampala. Eksirei ya pembeni inaweza kuonyesha mstari mweupe nyuma ya pingili, lakini mabega huficha sehemu ya chini ya shingo na mstari wenyewe huwa hafifu, na macho yasiyoutafuta huupita. CT ndiyo inayoonyesha mfupa ulivyo: kama ni mrefu umefunika pingili kadhaa bila kukatika, au uko vipande vipande nyuma ya kila pingili, au mchanganyiko wa yote mawili. MRI huonyesha ugwe wenyewe na kama umeshaumia ndani. Wa baba mkubwa ulikuwa wa mchanganyiko, umeanza pingili ya tatu ya shingo hadi ya sita. Daktari aligeuza skrini tuone. Kwenye kipande kimoja ugwe ulikuwa umebanwa ukawa bapa.

Kwenye picha hiyohiyo kulikuwa na kingine. Mbele ya pingili za kifua, upande wa kulia, mfupa mwingine ulikuwa umemwagika kutoka pingili hadi pingili. Huo ni ugonjwa jirani, ulioelezwa na madaktari Forestier na Rotés-Querol mwaka 1950, na mara nyingi mtu mmoja huwa nayo yote mawili. Huu wa mbele una ubaya mdogo: mgongo hukakamaa asubuhi, na ukiota shingoni kwa wingi mtu hupata shida kumeza. Upande wa kulia unachaguliwa kwa sababu kushoto kuna mshipa mkubwa wa damu unaodunda mchana na usiku, na mdundo huo, kwa maelezo yanayokubalika, hauupi mfupa nafasi ya kukaa. Kwa watu wachache waliozaliwa viungo vimegeuziana pande, mfupa huota kushoto. Napenda sana jambo hilo, sijui hata kwa nini.

Ramesses wa Pili, farao aliyetawala Misri miaka 66, alikuwa na ugonjwa huu wa mbele. Kwa muda mrefu ilisemwa alikuwa na ule ugonjwa wa uvimbe wa maungio unaounganisha pingili kwa vijana, lakini watafiti Sahar Saleem na Zahi Hawass walipotazama CT za miili ya mafarao, wakachapisha mwaka 2014, walionyesha kwamba ulikuwa huu wa wazee. Nilimwambia baba mkubwa kwamba maji ya Nile yanayoanzia hapa kwetu Jinja yanaishia kwa mfalme mwenye mgongo kama wake. Akauliza huyo farao alikuwa anashonewa na nani.

Swali jingine daktari aliuliza ambalo sikulitarajia: mzee alikulia wapi, na alikunywa maji gani? Maana kuna njia ya tatu ya ligamenti kuota mfupa, na hiyo inapita kwenye kikombe. Floridi, madini yanayotoka ardhini, ikiwa nyingi kwenye maji, kwa miaka, hujaza mifupa na kuzigeuza ligamenti kuwa mfupa hadi mgongo unakuwa gogo. Afrika Mashariki tunayo ardhi ya volkano ya kutosha kwa balaa hilo. Meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Kilimanjaro kila mtu anayajua, na kule Ngurdoto Watanzania wana kituo chao cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa. Uganda nasi tuna Kisoro. Watafiti walipolinganisha watoto, vijiji vya Kasese vilikuwa na miligramu 0.5 kwa lita na vya Kisoro, Mutolere na Kabindi, miligramu 2.5, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Kiasi cha Kisoro huharibu meno. Kupindisha mgongo huhitaji zaidi ya hapo, kwa miaka mingi. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua na floridi hubaki. Baba mkubwa alikulia Jinja, maji ya ziwa, meno meupe. Njia hiyo ikafungwa. Lakini ningependa kila daktari wa Kisoro awe anauliza.

Dawa ya kuyeyusha mfupa huu haipo. Niseme hivyo bila kuzunguka, kwa kuwa Kampala kuna wanaouza unga wa kuyeyusha chokaa ya mgongo na wana mabango makubwa kuliko ya hospitali. Vidonge hupunguza maumivu ya neva kwa anayeumwa. Mwenye dalili za ugwe kubanwa na zinaongezeka hubaki na upasuaji, na lengo lake la kwanza ni kuzuia hali isizidi. Kilichopotea huweza kurudi kiasi, zaidi kwa aliyewahi.

Daktari wa upasuaji anaweza kuingilia mbele ya shingo akautoa mfupa wenyewe, au nyuma akaupa ugwe nafasi ya kurudi mbali nao. Mbele kunavutia kwa maneno, lakini mfupa huu mara nyingi umeshikana na utando unaofunika ugwe; ukiung'oa unaweza kuchana utando na maji ya ubongo yakavuja. Nyuma ndiko Wajapani walikobuni mbinu ya mlango wazi, ambayo Hirabayashi alianza kuifanya mwaka 1977: matao ya pingili hukatwa upande mmoja, upande wa pili hulegezwa, yakafunguliwa na kubaki wazi. Kuamua hutumika mstari. Unachora kwenye picha ya pembeni kutoka katikati ya mfereji kwenye pingili ya pili hadi katikati ya mfereji kwenye ya saba. Mfupa ukiwa haujavuka mstari, nyuma kunafaa. Ukiwa umeuvuka, hata ukifungua nyuma ugwe utabaki umelalia mfupa. Wa mzee haukuwa umevuka. Waliondoa matao ya nyuma na kufunga pingili kwa skrubu, skrubu ambazo tulinunua wenyewe, na ng'ombe wawili wa shamba la Kamuli wakaenda na skrubu hizo.

Daktari wa nusukaputi alipewa taarifa mapema, na hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye picha ya namna hii hata akienda kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Kumlaza mgonjwa na kuinua kidevu ili mpira uingie kooni ni jambo la kawaida kwa wengine wote. Kwa shingo hii ni hatari. Mwambie kabla.

Alipozinduka miguu ilikuwa myepesi. Siku chache baadaye bega la kushoto likagoma kuinuka, akadhani amedhulumiwa. Lakini lilikuwa limetajwa kabla: ugwe unapohama kurudi nyuma, neva ya tano ya shingo inaweza kuvutika na bega likalegea kwa miezi. La kwake lilirudi. Mazoezi alifanya kwa ngumi zilezile, fungua kunja, sekunde 10, binti wa matundu ya vifungo akihesabu kwa sauti na kumsimanga akizembea. Sasa anafika 20 siku nyingi. Ganzi kwenye ncha za vidole imebaki, na kushona matundu hajarudia. Anakata, anapima, anagombana na wateja.

Limebaki suala la ndugu. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Wajapani walipowapima jamaa wa karibu wa wagonjwa waliwakuta nao kwa wingi kuliko watu wengine, na jeni kadhaa zimehusishwa nao. Kwa hiyo nimemwekea baba yangu mezani karatasi, nimemwomba anyooshe mikono, vidole pamoja. Kidole cha mwisho kilitulia. Ngumi alikunja akapita 20, akaniuliza kama nataka aendelee. Amekubali kupima sukari. Picha ya shingo amesema tuzungumze mahindi yakishavunwa, na mama amesema mahindi si hoja, kinachomkera ni kuambiwa aache boda.